Nina siku tatu za bure Yiwu: niende Qingtian kwenye mawe ya kuchonga au nipumzike tu?

"Kaka habari za kazi. Mimi nafanya biashara Kariakoo, vyombo na mapambo ya ndani, mwezi wa kumi nakuja Yiwu, huko China, kufunga mzigo, safari ya tatu hii. Nikimaliza nabaki na siku tatu kabla ya ndege. Niliona video za sehemu inaitwa Qingtian, milima, mto, na mafundi wanachonga jiwe mpaka unadhani ni majani ya kweli, nikapenda sana. Wenzangu wengine wanasema hiyo ni jade na bei yake sio ya watu kama sisi, wengine wanasema sa hizi kila kitu ni mashine na plastiki, nitapigwa. Nilikuwa nawaza nikipata bei nzuri niingize hata boksi tatu nne kwenye kontena. Kichina changu kinaishia kwenye namba, mimi ni Muislamu, nina pumu kidogo, na safari iliyopita hoteli moja ilinikataa nilivyotoa pasipoti. Niende au nilale tu Yiwu?"

Dada yangu, salama kabisa, na hongera kwa safari ya tatu, wengi huishia ya kwanza. Nimesoma swali lako mara mbili, naona humo ndani kuna maswali mawili yamefungwa kamba moja, matembezi na biashara, ngoja niyafungue. Matembezi: nenda, tena usisite. Biashara: zile boksi za kontena ziache. Sikukatishi tamaa, ni jiwe lenyewe ndo linakataa, na nitakuonesha linavyokataa.

Nianze na jade maana hapo ndo maneno yote yanapoanzia. Jiwe la Qingtian sio jade. Jade ni gumu, ukipitisha kisu cha kawaida hakiachi mkwaruzo, ndo maana wanaolifanyia kazi hulisaga taratibu kwa mchanga mgumu na maji badala ya kulichonga. La Qingtian ni laini. Madini yake makuu yanaitwa pirofilaiti, na asili yake ni miamba ya volkano ya enzi za dinosaria ambayo maji ya moto kutoka chini yalipita humo ndani miaka nenda miaka rudi yakaibadilisha. Kwa ndani madini hayo yamepangana kama kurasa za kitabu, ukurasa juu ya ukurasa, na kinachoshika ukurasa mmoja na mwenzake ni kidogo sana, kwa hiyo zinateleza. Ulaini unatoka hapo, na ule utelezi unaousikia ukilishika, kama sabuni ya mche iliyokaa kabatini mwaka mzima. Kama umewahi kushika vile vinyago vya mawe vya Kisii, vinavyotoka Tabaka kule Kenya, basi mkono wako unajua tayari ninachosema.

Na usidhani laini maana yake hafifu. Zamani mihuri ya China ilikuwa ya shaba, pembe, meno ya tembo, vitu vigumu, kwa hiyo msomi anaandika mwandiko wake vizuri kabisa halafu fundi ndo anaukata, na fundi akikosea mwandiko umekufa. Enzi za wafalme wa Ming, karne ya 16, anatajwa msomi mmoja Wen Peng (1498–1573) kuwa ndo aliyewafungulia wenzake njia ya kutumia jiwe hili, na kuanzia hapo msomi akaweza kukaa mezani kwake na kisu kidogo akakata muhuri wake mwenyewe, maana jiwe linakubali kisu, halimeguki ovyo, na ukingo wa herufi unabaki mkali. Mpaka leo Qingtian inahesabiwa kwenye mawe manne makubwa ya mihuri pamoja na Shoushan la mkoa wa Fujian, Changhua la Zhejiang, mkoa huo huo wa Qingtian, na Balin la Mongolia ya Ndani.

Kwa hiyo bei nayo haiwezi kuwa moja. Jiwe la kawaida lenye rangi ya uji wa dengu lipo tele, muhuri mdogo wa jiwe hilo unaupata kwa makumi ya yuan. Halafu lipo wanaloliita la mwanga wa taa, dengguang, limeiva kama nta, ukiliweka mbele ya taa mwanga unapenya, hilo ni adimu na bei yake mimi huwa naiuliza kwa adabu tu halafu narudisha kitu mezani kwa mikono miwili. Juu ya jiwe kuna mkono wa fundi, na hapa ndo penye hela hasa. Wenzako waliosema hela nyingi hawakukosea na wewe ukipata cha yuan themanini hujakosea, mnazungumzia vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

Sasa huo mkono. Mara yangu ya kwanza kufika Shankou, ndo mji mdogo wa wachongaji wenyewe, uko nje kidogo ya mji mkuu wa wilaya, niliingia karakana moja ya chini mlango wazi, mzee amekaa kwenye kiti kifupi, nyusi zote nyeupe kwa vumbi kama mtu aliyetoka kusaga muhogo. Mbele yake kuna tango chungu, karela ile, la ukubwa wa kiganja, lina vinundu vyote, na upande mmoja limepasuka kwa kuiva mbegu nyekundu zinachungulia. Nikamuuliza rangi ile nyekundu anatumia rangi gani, akacheka na jirani yake akacheka, kumbe hakuna rangi. Jiwe lilikuja na mshipa mwekundu ndani, akalikalisha mezani muda mrefu akilitazama tu, akaona huo mshipa ukipita sehemu hii utakuwa mbegu, na ule ukahawia wa pembeni utakuwa jani lililokauka. Wenyewe wanasema kwanza unalisoma jiwe ndo unalichonga. Sio kama mbao ambayo utaipaka. Mafundi wa vinyago wa kwetu nao hufuata gogo la mpingo linavyopinda, ila hapa ni rangi pia, na rangi ya ndani huijui mpaka ufike, ukifika ukakuta haipo unabadilisha mpango wote.

Halafu kuna matobo. Kazi ya Qingtian inajulikana kwa kuchimbwa mpaka inapitisha hewa, jani mbele, nyuma yake bua, nyuma ya bua jani lingine, na kisu kimefika kote huko. Anaanza kwa kumega vipande vikubwa, anatoboa matobo ya kupunguza uzito wa jiwe ndani, ndo anaingia na visu vyembamba, mwisho anapaka nta na kung'arisha, na kitu kinawekewa kitako chake. Jani likivunjika halirudishwi, fundi mjanja analifanya jani lililoliwa na mdudu. Mwaka 1992 posta ya China ilitoa stempu nne za michongo ya Qingtian, moja ikiwa ya mtama, masuke mekundu yameinama kwa uzito, na ni jiwe lile lile, wekundu wa lenyewe. Mwaka 2006 uchongaji huu ukaingia kwenye orodha ya kwanza ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kuna makumbusho yake huko huko Qingtian, anzia hapo kabla hujatoa hata yuan moja, jicho lako likishaona kazi nzuri kabisa halitadanganyika kirahisi dukani.

Tuje kwenye kupigwa, maana wenzako hawakukosea kabisa. Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya na kuviita "feki" vyote.

Cha kwanza ni resini, unga wa jiwe umechanganywa na gundi ukamiminwa kwenye kalibu. Hicho kweli sio jiwe. Kiweke shavuni, jiwe la kweli ni la baridi na linachelewa kupata joto, resini inapata joto haraka. Resini ni nyepesi. Geuza chini utafute mstari wa kalibu au vitobo vidogo vya mapovu. Na tazama rafuni: kama kuna matango machungu matano na mbegu zimepasukia mahali pale pale, dada ondoka tu, tena hizo hazihitaji nauli, zimejaa sokoni hapo hapo Yiwu.

Cha pili ni jiwe la kweli lililokatwa na mashine ya kompyuta. Sio wizi kama umeambiwa na bei ni ya mashine, ishu ni ukiuziwa kwa bei ya mkono. Mashine ya kawaida ncha yake inashuka kutoka juu tu, kwa hiyo haiwezi kuingia chini ya jani ikageuka ikachimba kwa nyuma. Inua kitu, chungulia chini ya majani na nyuma ya maua: kama kote ni ukuta ulionyooka umeshuka wima, na ukiweka mwanga wa simu kwa ubavu unaona mistari midogo sambamba kama kitana, hiyo ni mashine. Mkono unaacha alama zinazopishana.

Cha tatu ndo watu wanachokosea. Utasikia karakana inalia zzzz kama kwa daktari wa meno, ukatoka unasema nimeshajua ni mashine. Hapana, mafundi karibu wote siku hizi wanatumia kidrili cha mkononi kwa kazi nzito, wakubwa kwa wadogo, kinachoongozwa na jicho na mkono wa mtu hicho ni kazi ya mkono. Lipo pia suala la jiwe lililozibwa nyufa kwa gundi na nta au jiwe la sehemu nyingine kuvalishwa jina la Qingtian, na hapo nakwambia ukweli, kwa macho ya mgeni hutaweza, hata mimi miaka yote hii siwezi kila mara. Kwa hiyo sheria yangu ni nyepesi: kitu ambacho kikivunjika leo hutalia, nunua mwenyewe kwa kukipenda. Kitu kinachokufanya upige hesabu ya kodi ya fremu, usinunue bila kwenda na mtu anayejua mawe, na asiwe yule aliyeletwa na mwenye duka. Cheti kisikutulize sana, karatasi ni rahisi kuliko jiwe.

Boksi za kontena sasa. Jiwe hili ujazo wa kopo moja la soda ni kama gramu mia tisa. Boksi la vyombo unalijua linavyobebwa bandarini, linatupwa. Michongo yenye matobo ndo hiyo jani lina unene wa kucha, ifike Dar imepita kwenye forklifti ngapi, utafungua utakuta changarawe. Hata ikifika, huwezi kuagiza tena ile ile, maana kila jiwe lina rangi zake, na mteja wa Kariakoo akipenda kitu anataka sita. Ukitaka vinavyofanana sita unarudi kwenye mashine au resini, ambazo hazina haja ya Qingtian. Kama moyo unakataa kabisa kuacha biashara, chukua mihuri midogo isiyochongwa au iliyochongwa kidogo juu, ishirini thelathini, inakaa kwenye begi la mkononi, funga kila mmoja na soksi, uone inakwendaje kama zawadi za mahafali na harusi. Dai risiti rasmi. Na mtu akikunong'oneza kwamba hiki ni cha kale cha enzi za wafalme, kuna mawili: ni uongo umelipa bure, au ni kweli na forodha ya China itakushika nacho, kwa sababu vitu vya kale ili vitoke nje ya China vinahitaji ukaguzi na vya kabla ya 1911 kwa kawaida havitoki.

Haya, safari. Qingtian iko chini ya Lishui, kusini mwa mkoa wa Zhejiang huo huo ulipo Yiwu, reli ya kasi ya Jinhua kwenda Wenzhou ilifunguliwa mwisho wa 2015 na ina kituo Qingtian, kwa hiyo kutoka Yiwu ni kama saa moja na nusu hivi kutegemea treni. Tiketi unakata kwenye programu ya 12306 kwa namba ya pasipoti, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti herufi kwa herufi, na stesheni pitia mlango wenye mtu maana yale mageti ya kugusa kitambulisho mengi ni ya Wachina. Kitu cha kijinga lakini nimeona kinakosesha watu treni: tiketi inasema 08:15 na sisi kichwani tunasikia saa nane na robo. Ni saa mbili na robo asubuhi, dada.

Tarehe ni muhimu kuliko vyote hivyo. Usije kati ya tarehe 1 na 7 mwezi wa kumi. Ni likizo ya taifa, China nzima iko barabarani, tiketi zinakwisha, vyumba vinapanda, na karakana nyingi fundi naye kaenda kwao. Kuanzia katikati ya mwezi ni raha, joto limepungua na mvua za vimbunga zimeanza kwisha.

Hoteli: ulichofanyiwa kinatokea sana miji midogo, na mara nyingi sio chuki, ni kwamba mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 na yule binti wa mapokezi hajui kujaza pasipoti kwenye mfumo wake, anaona rahisi kusema hapana. Mwaka 2024 serikali yao ilisema wazi hoteli zisikatae wageni, lakini tamko na binti wa mapokezi saa nne usiku ni vitu viwili. Fanya hivi, piga picha pasipoti na viza, mtume mtu wako wa Yiwu aipigie hoteli kabla hujalipa, aulize neno moja tu, mnaandikisha wageni? Wakisema ndio, achukue jina la aliyesema. Ukilala kwa mtu nyumbani, kujiandikisha polisi ni juu yako na mwenyeji wako. Na viza yako, kama ni ya biashara na siku bado zipo, inakuruhusu kutembea Qingtian, angalia tu tarehe ya mwisho ya kukaa na sio tarehe ya mwisho ya viza, watu wengi wamelipa faini kwa kuchanganya hizo mbili. Ukiwa na shaka hata kidogo nenda ofisi ya uhamiaji ya polisi hapo Yiwu wakuangalizie, wamezoea watu wetu, usitegemee jibu langu.

Malipo unayajua, Alipay yenye kadi yako, ila beba na noti kidogo kwa wazee wa karakana. Ramani tumia ya Kichina ya Gaode, Google huko haifunguki bila laini ya kuroming na hata ikifunguka inakuweka katikati ya mto. Lugha, tafsiri ya kwenye simu inatosha kwa bei na njia. Ila kuna jambo litakuchekesha: watu wa Qingtian wametawanyika duniani kupita kiasi, zaidi ya laki tatu wako nje, Hispania na Italia ndo wamejaa, na walianza kwa kutembeza hivi hivi vijiwe mpaka Ulaya. Wanaorudi wamerudi na tabia zao, kwa hiyo mji mdogo wa milimani umejaa mikahawa ya espreso na mvinyo wa Kihispania, na mzee aliyekukalia kimya nusu saa anaweza kuanza kukuongelesha Kitaliano. Kama una shemeji Zanzibar au Malindi aliyefundishwa Kitaliano na watalii, huku ndo angekuwa mkalimani wako.

Chakula, hapo jipange. Yiwu umezoea msikiti na migahawa ya halali kila kona, Qingtian sio hivyo. Tafuta yale maduka ya tambi za Lanzhou yenye kibao cha kijani kimeandikwa qingzhen, yaani halali, mara nyingi wenyewe ni Waislamu kutoka magharibi ya China, na usiache mji mkuu wa wilaya kwenda vijijini bila kula au bila kubeba. Maana kijijini chakula kitakachokutamanisha ni samaki, na samaki mwenyewe hana tatizo ila hupikwa na mvinyo wa mchele na kikaango huenda kimetoka kukaanga mafuta ya nguruwe. Unaweza kuomba wakuchemshie kwa tangawizi kwenye sufuria safi, sema "bu yao jiu, bu yao zhurou", hapana pombe hapana nguruwe, wakielewa utafurahi, wasipoelewa kula ndizi zako.

Nimemtaja samaki, na huyu ndo sababu nakusihi siku ya pili usiimalizie kwenye mawe. Wenyeji wana msemo kwamba wilaya yao ukiigawa kumi, sehemu tisa ni milima, nusu sehemu maji, nusu sehemu shamba. Shamba likiwa dogo hivyo utapata wapi bwawa? Wakaweka samaki ndani ya majaruba ya mpunga, zaidi ya miaka elfu moja sasa. Samaki anakula wadudu na magugu, anavuruga tope mizizi inapata hewa, kinyesi chake ni mbolea, mpunga unampa kivuli. Mwaka 2005 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuweka mfumo huu kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani, wa kwanza China. Nenda kijiji cha Longxian, kodi gari kwenda na kurudi maana barabara ni kona tupu, ukichafukwa na tumbo kaa kiti cha mbele. Mwezi wa kumi mpunga unavunwa au umeshavunwa lakini samaki wapo, wekundu, weusi, wenye mabaka, hata kwenye vidimbwi mbele ya milango ya watu wanaogelea, na magamba yao ni laini hadi wanapikwa nayo. Mtu aliyekulia Kyela au Kilombero atasimama hapo muda mrefu.

Shimendong pia pana sifa, maporomoko ya maji ndani ya mwamba ng'ambo ya mto Oujiang, anasimuliwa Liu Ji, mshauri wa mfalme wa kwanza wa Ming, kuwa alisomea pale. Pazuri, ila ni ngazi na unyevu, nenda kama kifua kimetulia.

Na kifua chenyewe tusikipite juu juu. Vumbi la karakana sio vumbi la barabarani, jiwe hili huwa na mchanga wa kwatzi ndani na unga wake ni mwembamba unaofika chini kabisa ya mapafu, mafundi wa zamani wengi wamekohoa uzeeni kwa sababu yake. Wewe wa dakika ishirini hutapata ugonjwa wa mafundi, ila pumu inaweza kuamka hapo hapo. Vaa barakoa ya N95, ile ya kitambaa haizuii kitu, simama upande wa mlangoni, chagua karakana wanayonyunyizia maji au yenye feni ya kunyonya, na kifua kikianza kubana toka bila kuona aibu. Kabla ya safari muone daktari wako, hasa kama miezi hii umetumia dawa ya kuvuta mara nyingi kuliko kawaida, akuandikie ya akiba, na iwe kwenye begi la mkononi na karatasi yake. Ukizidiwa huko, gari la wagonjwa ni 120, usingoje kurudi Yiwu.

Mgawanyo wangu ni huu, ubadili upendavyo: siku ya kwanza fika mchana, makumbusho, jioni tembea kando ya mto. Ya pili asubuhi na mapema Longxian, alasiri Shankou, kaa karakana moja tu muda mrefu badala ya kupita kumi. Ya tatu rudi Shankou kuchukua ulichoagiza, panda treni. Kama ndege yako inaondokea Shanghai, lala Yiwu usiku wa mwisho, usijaribu kuunganisha siku hiyo hiyo.

Ulichoagiza, namaanisha muhuri wenye jina lako. Hicho ndo ningenunua ningekuwa wewe, jiwe la kawaida, juu pamechongwa kitu kidogo, chini jina, wanakata ukiwa unaangalia. Kwa herufi zetu lakini kuwa macho. Muhuri unakatwa kinyume ili ukigongwa usomeke, na fundi ambaye Kichina anakigeuza akiwa amefumba macho, herufi za kwetu kwake ni picha tu, hasa N, S na Z, ambazo ukizipindua juu chini zinabaki zile zile kwa hiyo haoni kama zimekaa vibaya. Andika jina kubwa kwenye karatasi, akimaliza omba wino mwekundu ugonge mbele yake usome polepole. Mimi langu niligundua S imegeuka nikiwa nimeshafika Yiwu, na ndo ninayoigonga kwenye vitabu vyangu mpaka leo.